Njiti wangu ana miezi 5, mbona shingo haijakaza?

SWALI: Habari za kazi daktari. Niko Chamwino, nilijifungua njiti wa wiki 30, kilo 1.3, tukakaa kangaroo (mtoto anabebwa kifuani ngozi kwa ngozi) mpaka tukaruhusiwa. Sasa ana miezi 5 shingo bado inayumba, wa jirani aliyezaliwa wiki moja naye anakaa ukimwegemeza. Mama mkwe anasema nimwache tu atakua, mume wangu anasema mimi muoga. Usiku silali. Nifanyeje? – Mama Njiti

JIBU: Pole mama, na hongera, kumtoa mtoto kilo 1.3 mpaka hapo siyo mchezo. Kwanza acha kumlinganisha na wa jirani maana hesabu zao haziendani, mimba inahesabiwa wiki 40, wako katoka na 30, kwa hiyo kwenye ukuaji unatoa zile wiki 10 anabaki na kama miezi miwili na nusu, na wa umri huo shingo kuyumba ni kawaida kabisa. Hesabu hii nenda nayo mpaka afike miaka 2. Ila chanjo usitoe kitu, zinafuata tarehe ya kuzaliwa.

Ila hilo la "atakua tu" mama mkwe anisamehe, silikubali, ndo linatuletea watoto wana mwaka na nusu miguu imeshakakamaa. Akifika miezi 3 kwa hesabu hiyo mpya mpeleke kwa daktari wa watoto au fiziotherapia (wataalamu wa mazoezi ya viungo) akapimwe anavyojisogeza, anzia hospitali ya wilaya uombe rufaa ya Dodoma mjini. Wala hachomwi sindano, analazwa chali akiwa macho na ameshiba, hapewi mdoli, mtaalamu anamwangalia dakika chache au anamrekodi kwa simu, anatafuta vile vimisogeo vidogo vidogo vya shingo, viganja na vifundo vya miguu. Visipoonekana haimaanishi moja kwa moja ni mtindio wa ubongo, ila mazoezi yanaanza mapema ubongo ukiwa bado unajijenga.

Usisubiri kabisa kama hakufuati kwa macho, hashtuki mlango ukibamizwa, ngumi kafunga muda wote au miguu inakakamaa na kupishana. Na angalia kadi, kama hakupimwa macho na masikio ulizia wiki hii hii.

Nyumbani mlaze kifudifudi kifuani kwako akiwa macho, ongea naye. Na huko kutolala mwambie nesi wa kliniki, jamani huo siyo uoga, akina mama wengi wa njiti linawapata na msaada upo. Mumeo aje naye siku ya kipimo, mazoezi yanaonyeshwa kwa mikono, ayafanye na yeye.