Joho la Buluu, Pambizo za Msahafu: Maswali Yenu ya Mishono

Barua tatu za mwezi huu zinaulizia jambo moja: picha na mapambo ya vitabu vya dini yaliyopendwa utotoni, na jinsi ya kuyavaa ukubwani.

Swali: Hamjambo wahariri. Tangu shule ya Jumapili sijaisahau picha ya Mariamu: joho la buluu, ndani jekundu, mikunjo inateremka hadi chini. Nilinunua mita nne za satini, nikampa fundi na picha yenyewe. Nimeshonewa kitu kama joho la kwaya. Nimekosea wapi? Nataka nguo ya kuvaa kazini.
*Msomaji, Tudor*

Jibu: Hatujambo, dada. Kosa limeanzia kwenye kitambaa. Itazame picha tena: mgongo wa mkunjo umepakwa buluu nyepesi, bonde lake buluu iliyokoza. Mchoraji alikuwa akichora sufu au kitani, vitambaa visivyong'aa. Satini inang'aa kote, kwa hiyo mwanga unaifuta mikunjo uliyoitaka. Sufu kwa joto letu la kaskazi haivaliki, basi tafuta viskosi nzito (kitambaa laini kinachotengenezwa kwa rojo la mti), au kitani kilichochanganywa na viskosi. Ukifika Mtaa wa Biashara, shika kitambaa kwa ncha moja, uache kama mita nzima ining'inie. Kikianguka kama kamba zilizonyooka, chukua. Kikisimama kama hema, kiache, hata kama rangi yake imekuteka.

La pili ni mkato. Mikunjo ile si marinda. Ni nguo pana iliyotupwa begani. Ukimwambia fundi "nataka mikunjo", ataweka marinda chini ya kaba, na umeshaona matokeo yake. Mwombe koti refu lililo wazi mbele, bila kola wala vifungo, lifike katikati ya muundi, na likatwe mshazari, yaani kwa ulalo, si kufuata nyuzi za kitambaa. Kwa mwili wa wastani na kitambaa cha upana wa inchi 60, nunua mita 3.5, kwa sababu mkato wa mshazari unakula kitambaa. Kabla ya mkasi kugusa chochote, kiloweke usiku mmoja, kianike kivulini, kipigwe pasi. Viskosi hurudi, na isiporudi kabla ya kukatwa itarudi ukiwa umeshaivaa.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika: koti la mshazari likishashonwa, litundikwe saa 24 ndipo pindo lipimwe na kupindwa. Kitambaa kilichokatwa hivyo hurefuka kwa uzito wake, wala hakirefuki sawa kila upande. Fundi akikupindia siku hiyohiyo, baada ya wiki pindo litakuwa limepanda huku na kushuka kule. Mabegani na shingoni ashonee utepe mwembamba wa pamba ulionyooka, la sivyo mabega yatalegea na koti litakuporomoka. Ukilifua, usilikamue kwa kulisokota. Viskosi ikilowa huwa dhaifu.

Ule wekundu wa ndani usiufanye bitana ya koti zima, utapikika. Weka ukanda wa ndani wa sentimita 8 kwenye kingo mbili za mbele na kwenye mikono, wa rangi ya matofali. Utaonekana ukipiga hatua, na inatosha. Kwanza ujaribu wekundu huo: weka kitambaa cheupe kibichi juu yake, upige pasi. Cheupe kikishika rangi, ufue tena kwa maji baridi hadi yatoke safi. Usitegemee chumvi wala siki, haziishiki rangi iliyokwisha kulegea.

Kuhusu buluu yenyewe, ile ya wachoraji wa kale wa Ulaya ilisagwa kutokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Ilikuwa ghali mno, ndiyo maana iliwekwa kwa joho la Mariamu. Ni buluu nzito yenye chembe ya zambarau. Kama kitabu chako kilikaa juani, huenda unakumbuka rangi nyingine: wino wa manjano na mwekundu hufifia mapema, buluu ikabaki peke yake. Kama bado unacho, linganisha na sehemu ya ukurasa iliyo karibu na mshono, ambako mwanga haukufika. Na dukani usichague chini ya taa. Toka na kitambaa hadi mlangoni.

Swali: Assalaam aleikum. Chuoni nilikuwa nikiyakodolea macho mapambo ya pambizo za msahafu. Je, yanafaa kutariziwa kwenye kanzu yangu ya Idi?
*Msomaji, Kibokoni*

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Mapambo, ndiyo. Maandishi, hapana, hata herufi moja ya aya: kanzu inakaliwa, inaingia msalani, inafuliwa pamoja na soksi. Chukua fremu, maua na vile viduara vinavyotenga aya.

Pwani yetu ina hazina yake. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, ilipambwa hasa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Kwenye kanzu nyeupe chagua mbili tu kati ya hizo. Sisi tungechukua nyekundu na manjano; nyeusi ikiingia kifuani huvuta macho yote.

Ukanda wa mapambo uwe na upana wa sentimita 2.5 kuzunguka shingo na mpasuo wa kifua. Mistari isikaribiane chini ya milimita 2, kwa kuwa uzi unavimba ukishashonwa na ua litageuka donge. Anza kuchora pembe, kisha jaza katikati, ukipanua au kubana nafasi kidogo kidogo. Anayeanzia upande mmoja hufika kwenye pembe na nusu ua. Chini ya tarizi uwekwe kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, vinginevyo kifua kitajikunyata. Uzi uwe wa poliesta: kanzu nyeupe siku moja itatiwa dawa ya kung'arisha, na uzi wa rayoni hautabaki na rangi yake.

Swali: Mimi napenda majoho ya mistari ya wachungaji wa kondoo katika Biblia za picha. Pesa ni kidogo. Nianzie wapi?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Anza na kikoi. Wachoraji wengi wa picha hizo, kama James Tissot aliyekwenda Palestina mwaka 1886, walichora mavazi waliyoyaona kwa watu wa huko wakati wao, kwa hiyo usihangaike kutafuta mistari "sahihi". Mistari ya kikoi iko kwenye kingo. Kiwe mtandio wa begani juu ya shati la rangi moja, la mchanga au kahawia. Mashati ya namna hiyo yamejaa kwenye mitumba ya Kongowea. Kipande cha mistari kiwe kimoja tu, na kamba ya kiunoni usifunge kabisa, maana hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye igizo la Krismasi. Miguuni vaa makubadhi. Yakilowa mvua, yajaze karatasi na kuyaacha kivulini. Ngozi ikikaushwa juani hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo.