Majibu Yakigombana, Rudi kwenye Koloni

Wiki ya tatu ya mafunzo yangu ya vitendo, kwenye maabara ya hospitali moja ya mkoa, nilikabidhiwa swabu ya usaha wa kidonda cha mguuni. Kesho yake pleti ya damu (sahani ya agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, iliyochanganywa na damu) ilikuwa imeota koloni, yaani vifungu vya bakteria, ndogo ndogo, kila moja imezungukwa na duara jeupe lililoachwa na damu iliyoyeyuka. Nikachota koloni kwa lupu (kitanzi cha waya), nikaitia kwenye tone la haidrojeni peroksaidi. Povu! Hicho ni kipimo cha katalasi, kimeng'enya ambacho Staphylococcus anacho na Streptococcus hana. Moyoni nikasema huyu ni Staphylococcus. Nikafanya koagulasi, kipimo cha kuona kama bakteria anagandisha plazima (majimaji ya damu), haikuganda. Nikaandika kwenye daftari kwamba ni Staphylococcus asiye na koagulasi, huenda katoka kwenye ngozi tu, nikaenda zangu kunywa chai.

Dada aliyekuwa msimamizi wetu hakuuliza habari za povu. Aliomba slaidi ya Gram, ya bakteria waliopakwa rangi (Gram chanya hubaki zambarau, Gram hasi huwa wekundu), na mimi sikuwa nayo. Akapaka mwenyewe, akatazama, kisha akanipisha kwenye hadubini. Niliona chembe za mviringo, za zambarau, zimepangana kama shanga kwenye uzi. Vipimo vya kesho yake vikathibitisha: Streptococcus pyogenes, kundi A. Mdudu wa kuogopwa kabisa kwenye kidonda, na mimi nilibakiza saini tu kumwambia daktari ampuuze.

"Mdogo wangu," aliniambia, "duara limekwambia hivi, povu likakwambia vile. Mbona ulimsikiliza mmoja?"

Povu lile lilitoka kwenye damu. Chembechembe nyekundu zina katalasi yake zenyewe, na mimi nilikuwa nimechimba koloni pamoja na agari iliyo chini yake. Tangu siku hiyo sichoti kwa lupu ya chuma kwa kipimo hiki, maana hata waya wenye chuma huweza kutoa povu lake. Natumia njiti ya mbao, nagusa kichwa cha koloni tu, peroksaidi ya asilimia 3, na kama pleti nyingine isiyo na damu ipo naanzia huko.

Ninayemfundisha leo namwambia aanze na macho. Kabla ya kugusa chupa yoyote ya kitendanishi, inua pleti, itazame kwa mwanga wa dirishani, igeuze upande wa chini. Koloni ina ukubwa gani? Inateleza kama makamasi? Imetambaa pleti nzima kama mawimbi, tabia ya Proteus? Ina rangi ya kijani inayoingia mpaka ndani ya agari, tabia ya Pseudomonas aeruginosa? Halafu Gram. Halafu ndipo vipimo vingine.

Gram yenyewe inadharauliwa kwa kuwa ni ya kwanza kufundishwa. Hans Christian Gram, Mdenmaki, aliibuni mjini Berlin mwaka 1884 akihangaika kuwaona bakteria kwenye mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Ile rangi nyekundu tunayomalizia nayo hata hakuwa nayo. Waliongeza wengine baadaye. Hatua inayowaangusha watu ni ya kuondoa rangi. Asetoni inataka sekunde mbili au tatu, basi, maji yawe tayari mkononi. Ukizidisha, hata Staphylococcus atageuka mwekundu. Ukipaka koloni nzito kama uji, E. coli atabaki zambarau. Koloni iliyokaa siku tatu nayo hudanganya, kwa hiyo paka ya saa 18 mpaka 24. Ukiwa bado una mashaka, koroga koloni kwenye tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kisha inua njiti taratibu: ikivuta uzi kama bamia, kwa kawaida ni Gram hasi. Kipimo cha nusu dakika, na kimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Koagulasi ya slaidi ni ya haraka, ila neno la mwisho ni la bomba dogo la maabara. Isome baada ya saa 4 kwenye nyuzi 37, kisha iache mpaka kesho yake kama haijaganda. Usiruke ile ya saa 4. Wapo Staphylococcus aureus wanaogandisha plazima mchana na kuiyeyusha usiku, ukifika asubuhi unakuta maji matupu.

Sasa upande wa MacConkey, agari inayoonyesha kwa rangi nani anachachusha laktosi (sukari ya maziwa), ambako nimeona makosa mengi zaidi. Koloni ya waridi inachachusha laktosi: E. coli, Klebsiella na ndugu zao. Isiyo na rangi: Salmonella, Shigella, Proteus, Pseudomonas. Hayo kila mwanafunzi anayajua. Wanachosahau ni kwamba wapo E. coli wasiochachusha laktosi, na kwamba chumvi za nyongo zilizomo kwenye agari hii zinazuia bakteria wengi wasiote bila kuwaua. Koloni inayoonekana safi huweza kuwa imekalia wengine walionyamaza. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye mabomba ya vipimo vya utambuzi (KIA, sitrati na indoli), wale walionyamaza wanaamka.

Hapo ndipo majibu yanapogombana. E. coli wa kawaida ana indoli chanya na sitrati hasi. Klebsiella pneumoniae ni kinyume chake. Siku moja nilipata zote mbili chanya. Klebsiella oxytoca hufanya hivyo, na jina hilo lilikuwa linaniwasha ulimi. Nikajizuia, nikarudisha kwenye agari ya kawaida, nikasubiri siku nzima huku wodi ikipiga simu. Zikaota koloni za aina mbili. Walikuwa wawili, kila mmoja na jibu lake. Siku hiyo moja ya kusubiri ni bei ndogo sana.

Oksidasi nayo, kipimo cha kimeng'enya kinachogeuza kitendanishi kuwa zambarau, usiichukulie kutoka MacConkey, wala TCBS, agari ya kumtafutia Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu. Hamishia kwanza kwenye agari isiyo na sukari ya kuchachushwa. Zambarau itokee ndani ya sekunde 10. Ikija baada ya dakika, hilo si jibu, ni hewa tu. Waya wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu) huleta zambarau ya uongo. Kitendanishi kilichokwisha kuwa cha buluu chupani kimwage, hata kama bosi analalamikia bajeti.

Na damu ya pleti. Maabara nyingi za kwetu zimetumia damu ya binadamu iliyopitwa na muda, kwa sababu ipo na ni bure. Naelewa. Lakini huenda ina kingamwili au dawa alizokuwa akitumia mchangiaji, na maduara yake hayasomeki vizuri. Tafuta mfugaji, mpate damu ya kondoo. Kila kundi jipya la pleti lijaribiwe kwa bakteria wa udhibiti unaowajua (ATCC ni hazina ya bakteria wa kulinganishia): kwetu ni E. coli ATCC 25922, S. aureus ATCC 25923 na P. aeruginosa ATCC 27853. Wakikataa kufanya wanachojulikana kufanya, siku hiyo hakuna jibu la mgonjwa litakalotoka kwenye kundi hilo la pleti.

La mwisho ni pua. Wakubwa wetu walifungua pleti wakanusa, wakamtaja Pseudomonas kwa harufu yake ya zabibu, na sisi tukawaona waganga. Usifanye. Maeneo ya wafugaji, chupa ya kuoteshea damu ya mgonjwa ikiota bakteria baada ya siku kadhaa, Gram ikaonyesha vijifimbo vidogo mno, vyekundu, vilivyofifia kama vumbi, ukaongeza oksidasi chanya na kipimo cha urea kilichogeuka waridi haraka, simama hapo hapo. Huyo huweza kuwa Brucella, bakteria wa mifugo anayewaambukiza watu, ambaye amewaambukiza watu wa maabara wengi kwa njia ya hewa tu. Funika pleti, zungushia tepu, andika juu yake kwa kalamu nzito, ihamishie kwenye kabati la usalama, kisha mwite mkubwa wako, hata kama ni saa nane usiku na unajua atakuja amenuna.