Maswali ya Wasomaji: Mashine Pepe na Kompyuta Inayoibeba

Swali kutoka Langoni, Lamu

Assalam aleikum, Mhariri. Mimi ni mtunza hesabu hapa Langoni. Ninaandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, za nyumba mbili za wageni kule Shela na za wenye majahazi kadhaa. Programu ninayoitumia ni ya zamani, haikubali mfumo wowote uliokuja baada ya Windows 7, na walioitengeneza wameshaiacha. Kompyuta yangu ilipokufa nilinunua mpya yenye Windows 11 na RAM ya GB 8. Mpwa wangu akanitilia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, na ndani yake akaweka Windows 7 pamoja na programu ile. Inafanya kazi, alhamdulillahi, ila kila upande umejifungia. Ankara nikiitoa ndani ya Windows 7 siwezi kuituma kwa barua pepe iliyo nje. Jina la mteja nikilinakili nje, ndani halibandikiki. Printa nayo huonekana upande mmoja tu. Nimeshauriwa niliweke faili la hesabu lenyewe kwenye folda inayoonekana pande zote mbili ili nisihangaike. Je, ushauri huo ni sawa?

Jibu

Wa aleikum salaam, dada yetu. Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukugharimu: hapana, faili la hesabu usilitoe ndani ya Windows 7. Programu za aina hiyo huhifadhi kila kitu katika mafaili machache ambayo huyafungua asubuhi na kuyaandika siku nzima, na hujilinda kwa kuyatia kufuli ili programu nyingine isiandike wakati huo huo. Kufuli hilo hutegemewa pale programu na faili vinapokuwa katika mfumo mmoja. Faili likiwa kwenye folda ya pamoja, kufuli lililotiwa na mfumo mgeni, yaani Windows 7 iliyo ndani, si lazima litambuliwe na kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi inayoibeba, na programu yoyote ya nje, hata ile ya kunakili mafaili kwenda mtandaoni, inaweza kuligusa katikati ya maandishi. Matokeo yake ni hesabu zinazofunguka zikiwa na safu zilizopotea, au zisizofunguka kabisa. Faili la hesabu na liwe na kwao kumoja, yaani ndani, karibu na programu inayoliandika.

Kinachostahili kuvuka ni kile kilichokwisha kukamilika: ankara, risiti, taarifa ya mwezi. Kwa hayo unahitaji folda ya pamoja, na kabla yake unahitaji kifurushi kiitwacho Guest Additions, ambacho husakinishwa ndani ya Windows 7 kutoka kwenye menyu ya Devices iliyo juu ya dirisha la VirtualBox. Wengi hukiruka kwa sababu mfumo mgeni unawaka bila hicho, kisha wakashangaa kwa nini hakuna kinachopita. Kikishasakinishwa, tengeneza folda kwenye kompyuta mwenyeji, uipe jina fupi kama Ankara, uiongeze katika orodha ya folda za pamoja, na uchague ijifungue yenyewe kila mashine pepe inapowashwa. Ndani ya Windows 7 itaonekana kama diski nyingine yenye herufi yake.

Tuseme duka limeuza korja za boriti na magunia ya chokaa. Unaandika ankara katika programu yako kama kawaida, lakini badala ya kuipeleka kwenye printa unaichapisha iwe PDF na kuihifadhi kwenye diski ile ya pamoja. Windows 7 haikuja na uwezo wa kuchapisha kwenda PDF, kwa hiyo mpwa wako atakuwekea mojawapo ya programu za bure za kazi hiyo. Unapogeukia upande wa nje, PDF imo tayari ndani ya folda ya Ankara. Unaiambatisha kwenye barua pepe, unaituma kwa WhatsApp ya kompyuta, au unaichapisha kwa printa iliyounganishwa na Windows 11. Kwa njia hii shida ya printa nayo imekwisha. Kifaa cha USB hushikwa na upande mmoja tu kwa wakati: mfumo mgeni ukikichukua, mwenyeji hukipoteza, na kukihamisha huku na huku kwa kila ankara ni adha isiyo na sababu.

Kuhusu kunakili na kubandika, VirtualBox huja ikiwa imeuzima uwezo huo, nami ninaona wamefanya vyema. Kuna chaguo nne: uzimwe, utoke kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, utoke kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, au upite pande zote. Kazi yako ni kuingiza majina ya wateja na nambari zao za simu, kwa hiyo chagua ule wa kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, nao pia uuwashe unapouhitaji tu. Kumbuka kwamba ukiwa umewashwa, chochote unachokinakili nje, hata nywila ya benki au ya iTax, tovuti ya kodi, kinaweza kusomwa na programu iliyo ndani ya Windows 7.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu lote. Microsoft iliacha kuitolea Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na tundu lolote lililogunduliwa baada ya hapo limebaki wazi katika mfumo wako mgeni. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, mahali ambapo mtu hupokewa na kumaliza shughuli yake bila kuingia ndani, na folda ya pamoja ifanye kazi kama hiyo: iwe folda moja ndogo yenye kitu cha leo, wala isiwe folda yako yote ya nyaraka. Nimeona kompyuta zilizofunguliwa diski nzima ya C kwa mfumo mgeni kwa sababu aliyeziandaa alitaka kurahisisha mambo. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia ndani, hakitajali kwamba folda ile ni ya nje. Kwake ni diski kama diski nyingine, na kitaifunga pia. Ikiwa una mafaili ambayo Windows 7 inahitaji kuyasoma tu, kwa mfano orodha ya bei, yaweke katika folda ya pili na uitie alama ya kusomwa pasipo kuandikwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine pepe uondoe alama inayoonyesha kwamba waya umechomekwa. Windows 7 yako haina haja ya intaneti. Usiogope kwamba folda ya pamoja itakatika, kwani katika VirtualBox haipiti kwenye mtandao. Hupita kwa Guest Additions, na itaendelea kufanya kazi hata mtandao ukiwa umezimwa kabisa. Barua pepe, iTax na kila kinachogusa ulimwengu wa nje kibaki kwenye Windows 11, ambayo bado hupokea marekebisho.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. VirtualBox hukuruhusu kuchukua snapshoti, yaani hali nzima ya mashine pepe kama ilivyo saa hiyo, ili uweze kuirudia mambo yakiharibika. Ni msaada mkubwa kabla ya kusakinisha kitu kipya, lakini watu huichukulia kuwa nakala rudufu, na hiyo siyo. Snapshoti ya wiki mbili zilizopita ukiirudisha, Windows inarudi nyuma, na hesabu zilizo ndani yake zinarudi nyuma pamoja nayo. Kila ankara ya wiki hizo mbili imefutika. Isitoshe, snapshoti hukaa kwenye diski ile ile, na diski ikifa vyote vimekufa. Basi kila jioni tumia amri ya programu yako ya kutoa nakala rudufu, uipeleke kwenye folda ya pamoja, kisha uinakili nje kwenye flashi inayokaa mbali na kompyuta. Na unapofunga siku kwa kuhifadhi hali ya mashine pepe badala ya kuizima, tazama tarehe asubuhi kabla ya kuandika ankara ya kwanza. Guest Additions hurekebisha saa ya mfumo mgeni ifuate ya mwenyeji, lakini huenda saa iwe haijarekebishwa bado pale unapobonyeza kitufe cha kwanza, na ankara yenye tarehe ya jana ni taabu kwako na kwa mteja.

RAM yako inatosha. Mpe mgeni GB 2, usizidi.

Swali kutoka Mkomani, Lamu

Mhariri, ninachora ramani za ukarabati wa nyumba za kale. Kompyuta yangu inatumia Linux na ina RAM ya GB 16, lakini programu ya kuchorea ni ya Windows, nayo ipo ndani ya mashine pepe. Nachoka kuishi ndani ya dirisha kubwa lenye Windows nzima. Inawezekana programu hiyo moja ionekane kama dirisha la kawaida kati ya madirisha yangu ya Linux?

Jibu

Inawezekana, na si jambo geni. Mwaka 2009 Windows 7 ilipotoka, Microsoft iliwapa wenye toleo la Professional na yaliyo juu yake mashine pepe ya Windows XP, ambayo programu zake zilijitokeza kwenye menyu ya Start ya mwenyeji na kufunguka kana kwamba ni zake. Katika VirtualBox hali hiyo huitwa Seamless, na huwashwa kwa kubonyeza kitufe cha mwenyeji pamoja na L. Kitufe cha mwenyeji, kama hujakibadilisha, ni Ctrl ya kulia. Wenye Parallels kwenye Mac huijua kwa jina la Coherence, na VMware iliipa jina la Unity. Guest Additions lazima ziwemo.

Ujue tu kwamba kilichofichwa ni mandhari ya nyuma. Windows nzima bado inaendeshwa na bado inakula RAM na prosesa kama kawaida, hivyo kompyuta haitakuwa nyepesi zaidi. Kwa michoro ya pande tatu unaweza kuona madirisha yakikwama au kuacha vivuli yanaposogezwa, kwa sababu mfumo mgeni hauioni kadi yako halisi ya picha. Mfumo huo huona kadi ya kuigiza tu. Mimi ningechora nikiwa kwenye skrini nzima ya mgeni, na Seamless ningeitumia siku ya kuandika ripoti, mchoro ukiwa upande huu na maandishi upande ule.

Tabu kubwa zaidi utaipata kwenye njia za mafaili. Mchoro wa nyumba mara nyingi huita michoro mingine: ghorofa ya chini, milango, zidaka za ukutani. Programu ikiandika kwamba mchoro wa milango upo E:\Nyumba, njia hiyo ina maana ndani ya Windows tu. Ukiufungua mchoro huo huo kwa programu ya Linux, viambatisho vyote vitakuwa havipo. Katika mipangilio ya programu yako chagua njia zinazohesabiwa kuanzia mahali mchoro wenyewe ulipo, na uiweke michoro yote ya nyumba moja katika folda moja. Tena, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi. Ukiwa na Daka na daka katika folda moja upande wa Linux, Windows inaweza kukufungulia moja huku ukidhani umefungua jingine, na ukachora juu ya vipimo visivyo vyake. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, tangu siku ya kwanza ya kazi.

Swali kutoka Mokowe

Mimi ni mwalimu. Hupokea viambatisho nisivyovifahamu. Je, nikivifungua ndani ya mashine pepe niko salama?

Jibu

Uko salama zaidi, mwalimu, lakini si kabisa. Ukuta kati ya mgeni na mwenyeji ni programu, na programu huwa na kasoro: mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la VENOM katika kifaa cha kuigiza diski za floppy ndani ya QEMU, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, iliyokuwamo tangu 2004, na ambayo ingemwezesha mtu aliye ndani ya mgeni kutoroka hadi kwa mwenyeji. Matukio ya namna hiyo ni nadra. Yanayotokea kila siku ni mtu kufungua kiambatisho ndani ya mashine pepe aliyoiachia folda ya pamoja, ubao wa kunakili na mtandao vikiwa wazi vyote. Kwa kazi hiyo tenga mashine pepe ya peke yake isiyo na folda yoyote ya pamoja. Kiambatisho kikishaingia, kata mtandao wake, chukua snapshoti, ndipo ukifungue. Ukimaliza, irudishe kwenye snapshoti hiyo, kisha ufute kiambatisho. Na VirtualBox yenyewe uisasishe kila toleo jipya linapotoka.