Mchele kwa Mchele: Jibu Langu kwa Mdogo Wangu wa Mwanza

Wiki iliyopita, saa tano usiku, mdogo wangu mmoja wa Mwanza aliniandikia. Amerithi kutoka kwa binamu yake vitabu vya miaka ya nyuma vya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea uzamili wa biashara, na amegundua kwamba mtihani wa sasa, ule ulioanza Novemba 2023, hauna tena maswali ya kusahihisha sentensi. "Kaka, hizi kurasa za kusahihisha sentensi za ulinganisho nizichane tu? Zinanichosha, na mtihanini hazipo."

Usichane. Kurasa hizo zilinifanya nilale macho mwaka 2018, na ndizo zilizonitoa.

Mara ya kwanza nilifanya mtihani mwezi Mei mwaka huo, Dar es Salaam. Ada ilikuwa dola 250, zaidi ya nusu milioni ya shilingi, na sehemu ya pesa hiyo ilitoka kwenye kibindo cha mama. Mtihani ule hausubirishi majibu: ukimaliza, alama zinatokea palepale kwenye kompyuta. Nilipata 540 kati ya 800. Hesabu zilikuwa nzuri. Lugha ndiyo iliyonizamisha.

Nilikuwa nasoma tuisheni ya jioni kwa mwalimu mmoja ambaye dawa yake kwa maswali ya sentensi ilikuwa moja: soma majibu yote matano kimoyomoyo, chagua linaloingia sikioni vizuri. Nilipomwambia kwamba sikio langu linanidanganya, alinijibu mbele ya darasa zima, "Wewe umesoma Kayumba, ukaenda shule ya kata. Sikio la Kiingereza huna. Komaa na hesabu." Wenzangu walicheka. Miaka imepita na bado naandika haya kifua kikinibana. Mwalimu hana haki ya kumwambia mtoto wa watu maneno yale.

Mama alikuwa anauza mchele sokoni Tandale. Jumamosi nilikuwa namsaidia, na kukiwa hakuna wateja nakaa juu ya gunia na kitabu changu. Siku moja akaja dada mmoja, akachota mchele wa Kyela kiganjani, akaupuliza, akaunusa. Akasema, "Mama, mchele wako mzuri kuliko yule mama wa pale kona."

Mama yangu ni mzaliwa wa Pangani, Kiswahili cha kubabaisha hakivumilii. Hakuinua hata macho kutoka kwenye mizani. "Sema kuliko *wa* yule mama. Mimi nauza mchele, na yule mama hapikwi."

Dada alicheka, akalipia kilo tano, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekodolea kitabu. Sentensi niliyoikosa asubuhi ile ilikuwa na kosa lilelile, la umbo hili: "The depth of Lake Tanganyika is greater than Lake Victoria." Sikioni inateleza vizuri kabisa. Lakini inalinganisha kina na ziwa, mchele na mama wa kona. Sasa iseme kwa Kiswahili: kina cha Tanganyika ni kikubwa kuliko *cha* Victoria. Hiyo "cha" ndiyo inayodaiwa, na Kiingereza huilipa kwa "that of": "greater than that of Lake Victoria." Ikiwa ni vitu vingi, "cha" inakuwa "vya", na "that of" inakuwa "those of". Yale tuliyoambiwa hatuna sikio nayo, tunayasema kila siku tukinunua nyanya.

Kuanzia siku ile nilikuwa na swali moja tu kwa kila sentensi yenye "than", "like", "as" au "unlike": hiki kinalinganishwa na nini? Naweka kidole kwenye kitu cha kwanza, nakitafuta cha pili, na kama si vya jamii moja, jibu hilo nalikata. "Like Kenya, the coffee of Ethiopia is grown in the highlands." Kenya ni nchi, kahawa ni kahawa. Nimekata. "Like Kenya's coffee, Ethiopia's coffee..." Hapo sawa. Nilijaza daftari zima kwa kazi hiyo, na sina njia ya mkato ya kukupa zaidi yake.

Swali hilohilo linakamata na makosa mengine. "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa." Kilimanjaro yenyewe iko Afrika, kwa hiyo sentensi inadai mlima umejizidi wenyewe. Kiswahili kinataka "kuliko mlima mwingine wowote", na Kiingereza kinataka "any other mountain". Au mtu akisema "nampenda Asha kuliko Juma", utamuuliza: kuliko unavyompenda Juma, au kuliko Juma anavyompenda? Kiingereza kina shimo hilohilo, na kitenzi kidogo mwishoni hulifukia: "more than Juma does" ni Juma anayependa, "more than I do Juma" ni Juma anayependwa.

Mahali ambapo lugha yetu haitusaidii ni kwenye "kama". Sisi "kama" inabeba kila mzigo. Kiingereza cha mtihani kinaugawa: "like" inataka jina peke yake, "as" inataka kitenzi au maneno ya mahali na wakati, na ukitaja mifano ni "such as". "Like in 2015, prices rose" ni kosa, ni "As in 2015". Hapo mama hakunisaidia, nilikariri.

Sheria inataka usubiri angalau siku 16 kabla ya kurudia mtihani. Mimi nilisubiri miezi minne. Nilipata 690. Nilipiga picha ile karatasi ya matokeo, na nakiri nilitamani sana kuituma kwa yule mwalimu. Sikuituma. Nilimpelekea mama sokoni, akaifuta mikono yake kwenye kanga kabla ya kuishika. Mwaka uliofuata nikapanda ndege kwenda kusoma Marekani.

Sasa swali lako, mdogo wangu. Sehemu ya lugha ya siku hizi ni maswali 23 ndani ya dakika 45, kusoma kwa ufahamu na kupima hoja. Sentensi za kusahihisha hazipo, kweli. Lakini fungua maswali ya hoja uone. "Ajali nyingi zaidi hutokea mchana kuliko usiku, kwa hiyo kuendesha usiku ni salama zaidi." Mchana magari barabarani ni mengi mno. Aliyeandika hoja hiyo amechukua idadi ya ajali akaifanya kiasi cha hatari. Au duka moja mauzo yamepanda kwa asilimia 40, jingine kwa 10, halafu unaambiwa la kwanza linauza zaidi. Asilimia 40 ya nini? Ni kosa la yule dada wa sokoni, limevaa suti. Aliyeweka kidole kwenye sentensi mia mbili hataacha kukiweka kwenye hoja.

Kwa hiyo acha kutafuta la kuruka. Vijana wetu wanapenda kuuliza kipi hakipo mtihanini kabla ya kufungua kitabu, nami nilikuwa hivyo, na nililipia dola 250 kujifunza. Kaa na kurasa hizo wiki tatu. Sentensi kumi kila usiku, kwa kalamu na kidole. Ukifika kwenye "than", simama, iseme kwa Kiswahili kwa sauti, sikiliza kama "cha", "wa" au "ya" imedondoka.

Daftari langu bado ninalo. Ijumaa nitalikabidhi kwa kondakta wa basi la Mwanza, nitakutumia namba yake. Ukurasa wa kwanza utakuta nimeandika maneno ya mama kwa wino mwekundu, na chini yake sentensi tatu ambazo sikuwahi kuzijibu. Nijibie wewe.