Maswali na Majibu: Bahari ya Debussy

Tangu nilipoandika juu ya La mer, utunzi wa okestra wa Mfaransa Claude Debussy, maswali yamefululiza. Nimeyachagua yanayostahili kujibiwa, na mawili yasiyostahili ambayo hayakomi kuletwa.

Swali: La mer inasimulia kisa gani? Ni wapi hasa meli inapozama?

Hakuna meli, hakuna nahodha, na hakuna anayezama. Nimekwisha kulijibu swali hili, na kila anayeliuliza angeweza kujijibu kwa kusoma tu majina ya sehemu tatu za utunzi: "Kuanzia alfajiri hadi adhuhuri baharini", "Michezo ya mawimbi" na "Mazungumzo ya upepo na bahari". Hata majina hayo hayapaswi kuchukuliwa kama ratiba. Inasimuliwa kwamba Erik Satie, mtunzi mwenzake, aliitania sehemu ya kwanza kwa kusema kuwa alikipenda zaidi kipande cha saa tano kasorobo. Anayetaka meli ivunjike mwambani akasikilize Scheherazade ya Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888, ambamo mtunzi, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Urusi, anaianza safari na merikebu ya Sindbad.

Swali: Fidla na tarumbeta zinawezaje kutoa bahari, ilhali hakuna hata sauti moja ya wimbi iliyorekodiwa?

Haya ndiyo maswali ninayoyatafuta. Debussy hakuiga sauti ya bahari, na kutoiga huko kulikuwa kwa hiari yake. Njia za kuiga zilikuwapo: Beethoven alikwisha kuzifanya timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zingurume kama radi katika Simfoni ya Sita mwaka 1808, na Richard Strauss alikwisha kuingiza okestrani mashine ya upepo, pipa linalozungushwa huku likisuguana na kitambaa, katika Don Quixote ya mwaka 1897. Debussy, aliyeitunga La mer kati ya 1903 na 1905, hakuitumia mashine hiyo hata katika sehemu aliyoipa jina la upepo wenyewe. Alichokichukua kwa bahari ni mwenendo wake.

Sikiliza mwanzo. Besi zinashikilia noti moja ya chini, timpani zinavuma kwa mbali, vinubi vinadonoa, na ala za nyuzi zinapanda kidogo kisha zinasita, kana kwamba wimbo umekusudia kuanza ukaghairi. Baadaye ala hizo zinagawanywa katika makundi madogo, na kila kundi linarudia umbo lake kwa mwendo wake: la chini polepole, la kati kwa haraka zaidi, na filimbi zikiteleza juu ya yote. Ukilifuata tabaka moja, jingine linakuponyoka, na hilo linamtokea kila mtu anayejaribu kuyatazama maji yanayojongea. Mara nyingi sauti inavimba kwa nguvu, nawe unangoja kilele, lakini inashushwa ghafla kabla haijafika, kisha uvimbe mwingine unaanzia mahali pengine katika okestra. Matoazi, ambayo watunzi wengi huyahifadhi kwa ajili ya kishindo, hapa mara kwa mara huguswa kwa upole hadi yakatoa mng'ao badala ya mlio.

Kuna pia suala la ngazi za sauti. Debussy alivutiwa na wanamuziki wa Java, kisiwa cha Indonesia, aliowasikia katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, na katika La mer anatumia ngazi za noti tano pamoja na ile ngazi ya hatua nzima tupu, isiyo na nusu hatua yoyote, yaani ule umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili jirani. Ngazi hii ya pili haina noti inayolivuta sikio lirudi kwenye msingi, na kwa sababu hiyo muziki unaweza kuelea muda mrefu bila kutua. Aliyezoea nyimbo zinazofunga kila ubeti kwa kurejea noti ya mwanzo atahangaika. Ahangaike, ndivyo ulivyotungwa.

Jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza. Usiusikilize utunzi huu kwa spika ya simu. Noti ile ya besi haitapita humo hata kidogo, kisha utaniandikia, kama wengine wengi, kwamba mwanzoni kuna kimya na rekodi yako ni mbovu.

Swali: Utunzi huu unafaa kumlaza mtoto?

Jaribu sehemu ya tatu, kisha uniambie.

Swali: Mimi nimezaliwa na kukulia ufukweni, na katika La mer siisikii bahari kabisa. Je, tatizo ni langu?

Una mwenzako mashuhuri. Baada ya onyesho la kwanza, mjini Paris tarehe 15 Oktoba 1905, mhakiki Pierre Lalo aliandika kwamba haisikii bahari, haioni, wala hainusi. Nadhani alikosea, lakini kosa lake linaeleweka, kwa kuwa alikwenda akitarajia picha. Wewe una sababu ya ziada. Kama ufuko wenu ni wa pwani yetu, huenda maji uliyoyazoea ni yale yaliyo ndani ya mwamba, ambako wimbi huvunjika mbali na kufika miguuni likiwa limechoka. Debussy aliyajua maji ya Cannes alipokuwa mtoto, na kazi yake aliikamilisha Eastbourne, Uingereza, kwenye mlangobahari usio na mwamba wa matumbawe wala kusi na kaskazi.

Hata hivyo, usikimbilie kusema kwamba anayeishi karibu na maji ndiye anayestahili kuyatungia muziki. Debussy alianza kuiandika La mer huko Burgundy, Ufaransa, bara kabisa, na katika barua ya mwaka 1903 kwa mtunzi André Messager alikiri kwamba bahari haifiki kwenye vilima vile, akaongeza kuwa kumbukumbu alizonazo zina thamani zaidi kuliko uhalisi. Nakubaliana naye. Wengi wa watunzi wanaokaa mbele ya maji huishia kuandika mawimbi yanayopanda na kushuka kwa mpangilio uleule kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Swali: Debussy alikuwa impreshonisti kama Monet, sivyo?

Katika barua ya mwaka 1908 alisema kwamba neno hilo, la wachoraji wa mwanga na ukungu kama Monet, linatumiwa na wapumbavu. Mimi hulitumia pale tu ninapokosa jingine fupi. Tena, mchoro uliowekwa kwenye jalada la nota za La mer ulitokana na wimbi kuu la Hokusai, mchoraji Mjapani ambaye mistari yake ni mikali na haina ukungu wowote. Viongozi wa okestra wanaoupaka utunzi huu ukungu wangefaa kulitazama jalada hilo kabla ya mazoezi.

Swali: Nina rekodi mbili. Karibu na mwisho wa sehemu ya tatu, moja ina milio ya ala za shaba ambayo katika nyingine haipo. Ipi imeharibika?

Hakuna iliyoharibika, na hongera kwa masikio yako. Milio hiyo imo katika toleo la 1905. Debussy aliiondoa katika toleo lililosahihishwa la 1909, na tangu wakati huo kila kiongozi wa okestra huamua mwenyewe. Wanaoirudisha hudai kwamba bila hiyo pana pengo. Mimi nasimama na mtunzi: ile milio inatangaza ushindi mapema mno, wakati upepo na bahari bado vinashindana chini yake.