Shiroi: mji wa wakulima au wa wasafiri wa treni?

Ni yote mawili. Shiroi, iliyoko kaskazini magharibi mwa mkoa wa Chiba, ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, na wakazi wake wengi hupanda treni za Hokuso kwenda kazini Tokyo, njia iliyovuma kwa nauli ghali hadi ilipopunguzwa Oktoba 2022. Hata hivyo kilimo hakijafa, kwani Chiba ndiyo inayoongoza Japani kwa mapeasi na Shiroi ni kitovu chake kimojawapo: Agosti wakulima huuza kando ya barabara mapeasi aina ya kosui, ya mviringo kama tufaha, yenye ganda la kahawia na maji tele. Ila neno “jiji” lisikudanganye. Wakazi ni 60,000 na ushei tu.