Mkono wa nyuma wa Panigale V4

Ndugu, umeuliza kwa nini waendeshaji wamegawanyika kuhusu pikipiki ya Ducati Panigale V4 ya 2025. Wengi wanalalamikia mkono wa nyuma, yaani kiungo kinachoshikilia gurudumu la nyuma kwenye fremu, kwani tangu Ducati 916 ya 1994 walizoea ule unaoshika gurudumu upande mmoja tu, ukiiacha rimu wazi upande wa pili. Mkono mpya unashika pande zote mbili, na umetobolewa ili upungue uzito na unyumbuke kidogo, hivyo tairi hushika lami vizuri zaidi pikipiki inapolala kwenye kona. Binafsi nauafiki kabisa. Hata Ducati 999 ya 2003, iliyochukiwa kwa mkono wa pande mbili kama huo na kwa taa zilizopangwa juu na chini, ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za Superbike mwaka huohuo, kisha 2004 na 2006.